Drosera: Mwongozo wa Kuutambua na Kuutunza Mmea wa Umande Usiokauka

Drosera ni mmea mdogo wa maua unaokula wadudu. Huota chini kabisa, kati ya nyasi fupi za kinamasi, na majani yake yamejaa nywele nyekundu zenye tone la ute kwenye kila ncha. Kwa mbali matone hayo hufanana na umande. Hata jina drosera limetokana na neno la Kigiriki linalohusu umande. Tofauti hudhihirika jua linapopanda. Umande wa nyasi hukauka, lakini wa drosera hubaki uking'aa hadi adhuhuri na baadaye.

Duniani kuna spishi zaidi ya 200 za drosera, nyingi zikiwa Australia na Afrika Kusini. Afrika Mashariki zipo chache, na iliyoenea zaidi ni Drosera madagascariensis, iliyopewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1824. Ingawa inaitwa ya Madagascar, huota pia katika maeneo mengi ya bara, kuanzia Uganda, Kongo na Tanzania hadi Zambia na Afrika Kusini. Mwongozo huu unaihusu hasa spishi hiyo.

Anayetaka kuujua mmea huu aanze na udongo wake. Drosera ni mmea wa ardhi fukara. Mtego wake, mahali inapoota, namna ya kuikuza na hata sababu za kufa kwake vyote vinatokana na ufukara huo.

Kwa nini mmea ule wadudu

Drosera ina majani ya kijani na hujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua kama mimea mingine, kwa hiyo haiwindi wadudu ili kupata nguvu. Inachokitafuta mwilini mwa mdudu ni naitrojeni na fosforasi, virutubisho ambavyo mahindi au mchicha hufyonza kutoka ardhini. Katika kinamasi chenye maji yenye asidi, mabaki ya mimea huoza polepole mno na mvua husomba kidogo kinachopatikana. Mizizi ya drosera ni myembamba na michache. Kazi yake kubwa ni kuushikilia mmea na kufyonza maji. Kile ambacho ardhi haitoi hupatikana hewani, kwa mbawa za nzi na mbu.

Faida ya chakula hicho ilithibitishwa kwa majaribio katika karne ya 19. Charles Darwin, aliyeanza kuichunguza drosera ya Uingereza mwaka 1860, alichapisha kitabu kizima kuhusu mimea inayokula wadudu mwaka 1875. Miaka mitatu baadaye mwanawe, Francis Darwin, alitoa matokeo ya jaribio lake: mimea aliyoilisha vipande vidogo vya nyama ilizaa mbegu nyingi zaidi kuliko ile aliyoinyima. Mmea usiolishwa haukufa. Uliishi kwa uchache. Kwa drosera, mdudu ndiye mbolea.

Kuitambua

Drosera madagascariensis ina shina jembamba linaloweza kufikia sentimita 25, ingawa mara nyingi huwa fupi zaidi na hujiegemeza kwenye nyasi. Majani yametawanyika kando ya shina. Kila jani lina kikonyo chembamba, na mwishoni bapa dogo lenye umbo la kijiko, lenye urefu wa takriban sentimita moja. Majani makuukuu hukauka na kuning'inia chini bila kudondoka, hivyo sehemu ya chini ya shina huonekana kama imevaa matambara ya kahawia. Penye jua kali mmea mzima huwa mwekundu. Penye kivuli hubaki kijani.

Ndugu zake wawili wa Afrika wanaweza kumchanganya mtazamaji. Drosera burkeana haina shina linaloonekana: majani yake yametandazwa ardhini kwa duara, mfano wa ua lililofunguka, na duara lote hutosha ndani ya kiganja cha mtoto. Drosera indica, inayopatikana Afrika na Asia, ina majani marefu membamba kama nyuzi. Huota wakati wa mvua, hutoa mbegu, kisha hufa kiangazi kinapoingia.

Si kila mmea unaonata ni drosera. Majani ya tumbaku hunata, na wadudu wadogo hufia juu yake, lakini nywele zake hazipindi kumfuata mdudu. Katika drosera, nywele zenye ute huonekana wazi kwa macho, kila moja na tone lake, na humwinamia aliyenaswa. Dalili hizo mbili zikiwapo pamoja, hakuna sababu ya kuwa na shaka.

Mahali pa kuitafuta

Drosera huhitaji mambo matatu kwa pamoja: maji ya kudumu au ya msimu mrefu, jua lisilozuiwa, na udongo usio na rutuba. Kwa hiyo hutafutwa kwenye kingo za vinamasi vyenye nyasi fupi, kwenye mchanga mweupe unaochuruzika maji, kwenye miamba yenye chemchemi, na katika mabonde tambarare yenye majani na maji ambayo nchini Zambia huitwa dambo. Nchini Tanzania nyanda za juu za kusini zina mazingira ya aina hiyo. Nchini Uganda, ziwa Nabugabo karibu na Masaka ni mfano mzuri. Ziwa hilo lilitengwa na ziwa Victoria kwa ukingo wa mchanga maelfu ya miaka iliyopita. Maji yake yana madini machache sana, na mimea inayokula wadudu huota katika vinamasi vyake.

Hakuna haja ya kuitafuta ndani ya mafunjo marefu au kwenye tope jeusi linalonuka. Matope hayo yana virutubisho vingi, na mimea mirefu huifunika drosera ikakosa jua. Drosera haishindani na jirani mwenye kimo. Huishi pale ambapo wenye nguvu wameshindwa kuota.

Mahali ilipo drosera mara nyingi pana mimea mingine yenye tabia hiyohiyo, hasa ya jenasi ya Utricularia. Hiyo hutambulika kwa vijiua vyake vya manjano, vyeupe au vya zambarau vinavyosimama juu ya uzi mwembamba bila majani ya kuonekana. Mitego yake ni vifuko vidogo mno vilivyofichwa ndani ya maji au udongo uliolowa, na humfyonza mdudu ndani kwa ghafla. Kukutana na vijiua hivyo ni ishara kwamba drosera huenda haiko mbali.

Jinsi mtego unavyofanya kazi

Nywele za drosera zinafaa kuitwa minyiri, kwa mfano wa mikono ya pweza, kwa sababu hushika, huinama na huhisi. Kila mnyiri ni shina jembamba lenye tezi nyekundu kwenye ncha. Darwin alihesabu minyiri ya majani 31 ya drosera ya Uingereza akapata wastani wa minyiri 192 kwa jani. Ile ya katikati ni mifupi na imesimama wima. Ya ukingoni ni mirefu na imetanuka nje.

Mdudu huvutwa na mng'ao wa matone, rangi nyekundu, au hutua tu kwa bahati mbaya. Mguu ukigusa tone, ute huvutika kama ulimbo na haukatiki. Kadiri mdudu anavyopapatika ndivyo anavyogusa matone mengine, hadi ute unapoziba matundu anayopumulia ubavuni, akafa. Wadudu wadogo kama mbu, usubi na nzi wa matunda ndio windo la kawaida. Mdudu mkubwa mara nyingi hujinasua.

Wakati huo jani limeshapata habari. Kupapatika kwa mdudu huamsha mawimbi madogo ya umeme yanayoshuka kwenye mnyiri, na mnyiri huanza kupinda kuelekea katikati ya jani. Darwin aliona baadhi ya minyiri ikianza kupinda sekunde 10 tu baada ya kuguswa. Kupinda kikamilifu huchukua dakika kadhaa au zaidi. Kisha harufu na ladha ya protini, yaani kemikali zinazotoka mwilini mwa mdudu, huiita minyiri ya jirani ambayo haikuguswa, na bapa la jani lenyewe linaweza kujikunja. Mmea hauna misuli. Kupinda huku hutokana na seli za upande mmoja wa mnyiri kurefuka upesi kuliko za upande wa pili, ndiyo maana mnyiri mmoja hauwezi kurudia kazi hiyo mara nyingi.

Uwezo wa kuhisi ni wa ajabu. Darwin aliweka juu ya tezi kipande cha unywele wa binadamu chenye uzito wa takriban miligramu 0.0008, na mnyiri ukapinda. Hata hivyo tone la mvua, lenye uzito mkubwa mara nyingi zaidi, halikuusogeza, na mguso mmoja wa haraka haukutosha. Mmea hutofautisha kati ya mvua au upepo na mguu wa kiumbe hai unaogusa tena na tena. Bila tofauti hiyo, kila manyunyu yangemaliza nguvu za majani.

Mdudu akishafunikwa, tezi humwaga asidi na vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama yake laini. Tezi hizohizo hufyonza mchuzi huo. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, kisha minyiri hunyooka, matone mapya hutoka, na ganda kavu la mdudu hupeperushwa na upepo au kuoshwa na mvua.

Ua na mbegu

Mmea unaonasa wadudu huwahitaji pia wadudu wa kuchavusha maua yake. Drosera huweka umbali kati ya mahitaji hayo mawili: majani hubaki chini, na ua huinuliwa juu kwa kikonyo kirefu, ambacho katika Drosera madagascariensis kinaweza kufikia sentimita 40. Kikonyo huanza kikiwa kimejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha hujikunjua taratibu. Maua ni madogo, ya waridi, yenye petali tano. Hufunguka moja moja kukiwa na jua na kufunga baada ya saa chache. Mtazamaji anayefika jioni huenda asilione hata moja.

Ua lisilotembelewa na mdudu bado linaweza kuzaa, kwani drosera nyingi hujichavusha zenyewe petali zinapofunga. Tunda ni kibumba kikavu kinachopasuka na kutoa mbegu nyeusi laini kama vumbi, zinazosafirishwa na upepo na maji.

Kuitazama porini

Muda bora ni kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, baada ya umande wa kawaida kukauka na kabla maua hayajafunga. Vifaa vinavyohitajika ni viatu vya mpira, kioo cha kukuzia cha mara kumi, daftari na kamera ya simu. Mtazamaji huchuchumaa na kukitazama kinamasi akielekea jua, kwa sababu matone hung'aa zaidi mwanga ukitoka nyuma ya matone hayo.

Kazi yenye mafunzo mengi ni kuchagua mmea mmoja, kuhesabu majani yenye wadudu na yasiyo nao, na kuandika aina ya wadudu. Jani ambalo limenasa karibuni likipigwa picha kila baada ya dakika tano, minyiri huonekana ikisogea kutoka picha moja hadi nyingine. Kwa darasa la shule, jaribio rahisi ni kuweka punje ya mchanga juu ya jani moja na kipande kidogo sana cha yai lililochemshwa juu ya jingine. Kesho yake lenye mchanga huwa limeanza kufunguka, lenye yai likiwa bado limekumbatia.

Ute haumdhuru binadamu. Anayedhurika ni mmea: jani lililoshikwashikwa hupoteza matone yake, na mguu mmoja unaweza kukanyaga mimea kumi bila kujua. Njia ya kuingilia iwe hiyohiyo ya kutokea.

Kuikuza nyumbani

Mimea haichimbwi porini. Mizizi yake hukatika kwa urahisi, mimea mingi hufa, na eneo dogo linaweza kumalizwa kwa siku moja. Mbegu chache kutoka kwenye kibumba kilichokauka, penye ruhusa ya kuzichukua, au jani moja kutoka kwa mkuzaji mwingine hutosha. Anayeanza anaweza pia kutumia Drosera capensis ya jimbo la Rasi nchini Afrika Kusini, ambayo ni mvumilivu kuliko nyingi.

Udongo. Hutumika mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa pitimosi (mboji ya kinamasi) isiyotiwa mbolea na mchanga wa mto uliooshwa mara nyingi. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi na chokaa ya makombe. Udongo wa bustani, samadi na mboji ya jikoni huua mmea.

Maji. Yanayofaa ni ya mvua, au yaliyotoneshwa. Maji ya bomba na ya kisima huwa na madini yanayojikusanya kwenye chungu hadi mizizi iungue. Chungu cha plastiki chenye matundu huwekwa kwenye sinia lenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, na sinia haliachwi likauke. Maji humwagwa kwenye sinia, si juu ya majani.

Mwanga. Saa nne au zaidi za jua la moja kwa moja kila siku. Dirishani inawezekana, lakini barazani ni bora, kwa kuwa huko mmea hujiwindia wenyewe.

Kupanda. Mbegu hunyunyizwa juu ya udongo uliolowa na hazifukiwi, kwani huhitaji mwanga ili kuota. Chungu hufunikwa kwa mfuko unaopitisha mwanga, mbali na jua la mchana. Miche huonekana baada ya wiki kadhaa, midogo kama kichwa cha pini, tayari ikiwa na minyiri. Njia nyingine ni kulikata jani zima pamoja na kikonyo na kuliacha lielee kwenye maji ya mvua ndani ya chupa. Baada ya wiki kadhaa vijimea vidogo huchipuka juu yake.

Kulisha. Mmea wa nje haulishwi. Wa ndani hupewa mdudu mdogo, asiyezidi nusu ya upana wa jani, mara moja kwa wiki mbili. Nyama, jibini na vipande vikubwa huoza juu ya jani na kuleta ukungu.

Dalili na tiba zake

Majani yasiyo na matone huashiria mara nyingi hewa kavu, maji mabaya au mmea uliohamishwa karibuni. Kwa sababu mbili za kwanza hurekebishwa maji; kwa ya tatu husubiriwa wiki mbili. Majani ya kijani, marefu na dhaifu hudai jua zaidi, nalo huongezwa polepole ili yasiungue. Ncha mpya zilizojikunja vibaya huwa na vidukari; chungu kizima huzamishwa kwenye maji ya mvua kwa siku moja, kisha hurudishwa juani. Utando mweupe wa chumvi juu ya udongo ni onyo kwamba udongo ubadilishwe. Majani ya chini yanayokauka ni uzee wa kawaida.

Kuilinda mahali pake

Huko Madagascar drosera hii huvunwa porini kwa ajili ya dawa za kikohozi zinazotengenezwa Ulaya. Kwa maeneo mengine ya Afrika hatari kubwa zaidi ni kupoteza makazi: mitaro ya kukausha vinamasi, mashamba yanayoingia bondeni, miti ya mikaratusi inayonyonya maji, na mbolea inayotiririka kutoka mashamba ya juu.

Mbolea ndiyo adui asiyeonekana. Utafiti uliofanywa katika vinamasi vya Sweden na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha jinsi inavyofanya kazi. Pale ambapo mvua ilileta naitrojeni kidogo, drosera ilipata asilimia 57 ya naitrojeni yake kutoka kwa wadudu. Penye uchafuzi zaidi kiasi hicho kilishuka hadi kati ya asilimia 20 na 33, na majani yakawa hayanati kama awali. Mmea ulioanza kushiba kwa mizizi hupunguza mtego. Lakini rutuba hiyohiyo huikaribisha mimea mirefu, na mwisho wake ni kivuli.

Kwa hiyo hifadhi ya drosera haihitaji kazi nyingi. Chemchemi iachwe ichuruzike, mtaro usichimbwe, na ukanda wa nyasi zisizotiwa mbolea ubaki kati ya shamba na kinamasi. Nyasi ndefu zinazopunguzwa na ng'ombe wachache huiachia drosera mwanga, lakini kundi kubwa hukanyaga yote. Mahali penye maji safi, jua tele na udongo usio na kitu, mmea huu hujitegemea wenyewe.